Mboga za friza: kinachobaki na kinachopotea

Njegere ikishachumwa haifi papo hapo. Inaendelea kupumua ndani ya ganda lake, na kwa kuwa haina tena mzizi wa kuilisha, inajila yenyewe: sukari yake inageuka wanga, maji yanapungua, na vitamini C inaanza kumong'onyoka. Ndiyo maana njegere za juzi hazina utamu wa zile unazobandua shambani na kutafuna mbichi. Mchicha unachoka haraka zaidi, maana jani ni jembamba, limetandaza uso wake wote hewani, wala halina ganda la kulikinga.

Ninaanzia hapo kwa sababu mjadala wa mboga za friza mara nyingi huanzia katikati. Watu huuliza kama barafu inaua vitamini, kana kwamba mboga isiyoguswa na barafu imekaa salama na kila ilichotoka nacho shambani. Kabla ya kuuliza barafu inafanya nini, inabidi kujua mboga iliyo mkononi mwako imechumwa lini na tangu hapo imelala wapi.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mapitio ya tafiti nyingi zilizopima jambo hili. Mboga zikiwekwa kwenye friji, nyuzi 4 za Selsiasi, kwa siku 7, njegere zilipoteza kama asilimia 15 ya vitamini C. Maharage machanga ya maganda, yale ambayo wakulima wa Kirinyaga, Kenya, huyaita mishiri, yalipoteza asilimia 77. Hiyo ni ndani ya friji linalofanya kazi. Fungu lililoshinda juani pembeni mwa barabara huenda kwa kasi kubwa zaidi.

Kwa hiyo neno "mbichi" linabeba vitu viwili tofauti kabisa. Kuna mchicha uliokatwa alfajiri kwenye bustani ya jirani, ukaletwa mlangoni na mama mwenye beseni kichwani, ukaingia sufuriani mchana. Huo hakuna pakiti ya friza itakayoushinda, na mwenye nao asihangaike. Halafu kuna karoti na maharage machanga yaliyotoka Lushoto usiku ndani ya lori, yakashushwa soko la jumla, yakahamia genge la mtaani, yakakaa hapo hadi mnunuzi apite, kisha yakalala kwenye friji lake siku nne nyingine. Yote mawili huitwa mboga mbichi. Aliye London au Minneapolis anakula maharage machanga yaliyopanda ndege kutoka Nairobi, na siku za safari nazo ni siku.

Sasa tuingie kiwandani, tufuate punje ya njegere. Mashariki mwa Uingereza, ambako njegere hulimwa kwa wingi kwa ajili ya kugandishwa, wazalishaji hujipimia dakika 150 tangu mashine ipite shambani hadi punje igande. Mashine inabandua maganda hukohuko shambani, lori linakimbia, punje zinaoshwa. Viwanda vingi huzipitisha kwenye maji ya chumvi ili kuzichambua: punje changa na laini huelea, zilizokomaa na kujaa wanga huzama. Hapo ndipo inapotoka ile chumvi kidogo unayoikuta kwenye njegere za pakiti hata kama hakuna aliyezikolezea. Katika majedwali ya vyakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za njegere mbichi zina miligramu 5 tu za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na za friza zina 108. Si nyingi, lakini mwenye shinikizo la damu ni vizuri azijue, asiongeze chumvi kabla ya kuonja.

Kisha zinatumbukizwa kwenye maji yanayochemka au kupitishwa kwenye mvuke kwa dakika moja au mbili, na mara moja zinapozwa kwa maji baridi. Hatua hii ina sababu ya msingi. Ndani ya mboga kuna vimeng'enya, protini zinazoendesha kazi za mmea, na baridi peke yake huvipunguza kasi tu bila kuvisimamisha. Mboga iliyogandishwa bila kupita kwenye maji moto hubadilika polepole ndani ya friza: rangi inafifia, harufu inakuwa ya nyasi kavu, na virutubisho vinaendelea kuliwa kimyakimya. Joto la dakika moja linavimaliza vimeng'enya hivyo, na linapunguza vijidudu pia.

Gharama yake ndiyo hasara kubwa ya safari nzima. Vitamini C, folati (yaani vitamini B9) na vitamini B1 huyeyuka kwenye maji, na sehemu yake hubaki kwenye maji hayo ya kiwandani. Mapitio yale yale ya Davis yalionyesha kwamba katika shughuli nzima ya kugandisha, vitamini C inayopotea huwa kati ya asilimia 10 na 80 kulingana na aina ya mboga, wastani ukiwa karibu nusu. Nimeitaja namba hiyo bila kuipunguza makali, kwa sababu anayesema mboga za friza hazipotezi chochote hasemi kweli.

Baada ya maji moto, punje hupigwa na upepo wa baridi kali sana hadi zinaganda kwa dakika chache. Kasi hiyo ina maana yake. Maji yakiganda polepole hutengeneza chembe kubwa za barafu zinazopasua kuta za seli, na ukiyeyusha unapata kitu cha majimaji kilicholegea. Yakiganda haraka, chembe zinakuwa ndogo na mboga inashika umbo lake. Mmarekani Clarence Birdseye alijifunza hilo Labrador, Kanada, alikokwenda mwaka 1912 kwa biashara ya ngozi za wanyama. Aliwaona Wainuiti, wenyeji wa huko, wakivua samaki kwenye baridi kali na samaki akaganda pale pale anapotolewa majini, na alipopikwa miezi baadaye ladha yake ilikuwa ya samaki mbichi. Ujuzi ulikuwa wa Wainuiti. Birdseye aliutengenezea mashine, na tarehe 6 Machi 1930 pakiti za kwanza, njegere na spinachi zikiwemo, zilianza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts.

Kuanzia hapo punje inalala kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Vitamini C inaendelea kupungua, ila kwa mwendo wa miezi badala ya siku. Mboga ya friza, kwa maneno mengine, imelipa ushuru mkubwa mara moja getini, wakati mboga mbichi inalipa kidogo kidogo kila saa inayopita. Nani amelipa zaidi inategemea umezilinganisha saa ngapi.

Majedwali ya Marekani yanatupa picha ya kile kinachofika kwenye sahani. Gramu 100 za njegere mbichi zilizochemshwa na kumwagwa maji zina miligramu 14 hivi za vitamini C; za friza zilizochemshwa vivyo hivyo zina 10. Folati ni mikrogramu 63 kwa 59. Protini gramu 5.4 kwa 5.2, madini ya chuma miligramu 1.5 kwa zote mbili, nyuzinyuzi gramu 5.5 kwa 4.5. Ukiondoa vitamini C, ni mboga ile ile. Spinachi inaonyesha tofauti kali zaidi: iliyochemshwa ikiwa mbichi inabaki na miligramu kama 10 za vitamini C, ya friza ikichemshwa inabaki na 2 tu. Ila kwa vitamini A, ile ya friza haiko nyuma hata kidogo. Kwa gramu 100 inaipita kidogo, kwa kuwa imeshindiliwa na maji yake yamepungua.

Mwaka 2015 watafiti wa Davis walipima wenyewe aina nane za mboga na matunda: njegere, karoti, brokoli, spinachi, maharage machanga, mahindi matamu, stroberi na bluberi, wakilinganisha zilizokaa friji na zilizogandishwa. Vitamini C haikutofautiana sana kwa aina tano kati ya nane, na katika tatu zilizobaki ile ya friza ndiyo iliyokuwa juu. Lakini beta-karotini, kile kiini cha rangi ya njano ambacho mwili hukigeuza vitamini A, ilikuwa chini kwenye baadhi ya mboga za friza, njegere zikiwemo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia wakaongeza kundi ambalo wengi hulisahau: mboga iliyonunuliwa ikakaa siku tano kwenye friji la nyumbani. Kwa sehemu kubwa hakukuwa na tofauti kubwa, na palipokuwa na tofauti, mara nyingi iliyokuwa nyuma ni ile ya siku tano. Fedha za sekta ya vyakula vya kugandishwa zimeingia kwenye tafiti za aina hii, ule wa Georgia ukiwemo, na msomaji ana haki ya kulijua hilo. Hata hivyo majedwali ya serikali yanaelekeza upande huo huo, na yenyewe hayafichi hasara.

Binafsi naona vitamini C imepewa kiti kikubwa mno katika hesabu hii. Inapimwa sana kwa sababu ni miongoni mwa zilizo dhaifu zaidi: ikiwa imebaki, mengi ya mengine yatakuwa yamebaki. Ni kipimo kizuri cha uangalifu, lakini hakuna sheria inayosema ni lazima itoke kwenye mboga za kupikwa. Mapendekezo ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, 55 kwa mjamzito, 30 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi sita. Gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200. Chungwa moja la wastani linatosha mtu mzima. Kwa nyumba ambayo watoto wanapata kipande cha papai, pera, embe au chungwa kila siku, zile miligramu nne zilizopotea kwenye njegere hazina uzito wa kumnyima mama usingizi. Kinachotafutwa zaidi kwenye mboga ni vitamini A, folati, vitamini K, potasiamu, madini ya chuma na nyuzinyuzi, na vingi kati ya hivyo baridi haivigusi.

Anayevigusa ni mpishi. Sufuria hufanya uharibifu ambao friza haijawahi kuufanya, na ndiyo sehemu iliyo mikononi mwetu kabisa. Mboga ya friza imeshapikwa nusu kiwandani, kwa hiyo ukiichemsha dakika ishirini kama mbichi, kisha ukamwaga maji, umerudia hasara ile ile mara ya pili kwa mkono wako. Itoe friza ikiwa imeganda, usiiache iyeyuke kwenye karai la maji. Iweke moja kwa moja kwenye sufuria yenye maji ya kufunika chini tu, funika, dakika tatu hadi tano kwa njegere, na maji yatakayobaki yaingie kwenye mchuzi au kwenye wali. Ikiwa unaiunga kwa nazi au karanga, mimina kwenye rojo linalochemka dakika za mwisho. Mafuta hayo yana kazi nyingine: vitamini A, E na K zinahitaji mafuta kidogo ili mwili uzichukue, na mchicha wa nazi au mboga ya karanga ni mapishi ambayo bibi zetu waliyapatia vizuri kabla ya maabara kuyathibitisha.

Kisha kuna magadi. Wengi huyatia kwenye mlenda, kisamvu au maharage ili yaive haraka, na rangi ya mboga inapendeza kweli. Lakini magadi huua vitamini C na vitamini B1 kwa kasi. Mtu anayekataa pakiti ya maharage machanga kwa hofu ya kukosa vitamini, kisha akaweka kijiko cha magadi kwenye mboga mbichi, ametupa kile kile alichokuwa anakilinda.

Hofu nyingine ninayoisikia ni ya "dawa". Mboga iliyogandishwa vizuri haihitaji kihifadhi chochote. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inazuia bakteria na kuvu kukua, na hilo latosha. Geuza pakiti usome orodha ya viambato. Inapaswa kuandika njegere, au njegere, karoti na mahindi, basi, na pengine chumvi. Orodha ikirefuka na kutaja mchuzi wa jibini, siagi, sukari au viungo vya paketi, hicho ni chakula kingine chenye chumvi na mafuta yake, na kisipewe sifa za mboga. Na chipsi za friza ni viazi. Shirika la Afya Duniani linapotaja gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, viazi, mihogo na viazi vitamu havihesabiwi humo.

Tuje kwa watoto, maana wazazi ndio wanaouliza sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataja angalau gramu 250 za matunda na mboga kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na 400 kuanzia miaka 10. Gramu 250 kwa mtoto wa miaka mitatu ni nyingi kuliko nyumba nyingi zinavyompa. Hapa pakiti ya friza ina faida ambayo haiandikwi kwenye jedwali la virutubisho: unachota kiganja kimoja cha njegere na karoti, unafunga, unarudisha. Hulazimiki kununua fungu zima ambalo nusu yake itanyauka. Mama anayerudi kazini saa moja usiku, genge limefungwa na mchicha uliobaki umelegea, akichota kiganja hicho akakitia kwenye wali wa mwanawe, amemlisha mboga. Inaniuma kusikia akiambiwa amempa mtoto chakula kilichokufa.

Mtoto wa miezi sita anayeanza kula anaweza kupewa mboga za friza kama anavyopewa mbichi, zikiwa zimepikwa hadi zimeiva na kusagwa laini. Kwa umri huo chagua zisizo na chumvi. Njegere za friza zina sodiamu kidogo kama tulivyoona, basi zichanganye na karoti, boga au viazi na usiongeze chumvi yoyote. Kichujio kinasaidia, kwa sababu ganda la njegere hushika koo la mtoto mchanga. Punje nzima za njegere na mahindi ni hatari ya kukaba kwa watoto wadogo, na vivyo hivyo vipande vya karoti vilivyobaki vigumu. Hadi mtoto afikie miaka minne, zibonye njegere kwa uma, saga mahindi, karoti zipikwe hadi zipondeke kwa vidole. Na ale ameketi. Mahindi yaliyo kwenye mchanganyiko wa pakiti yana sukari na wanga zaidi ya mboga za majani, hivyo mchanganyiko huo usiwe mboga pekee anayoijua.

Njegere zina madini ya chuma, ila chuma cha kwenye mimea huchukuliwa kidogo na mwili. Vitamini C kwenye mlo huo huo huongeza kiasi kinachoingia, ndiyo maana kipande cha chungwa au papai baada ya chakula kina manufaa yanayoonekana. Lakini mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili anahitaji chuma kwa wingi kuliko mboga yoyote inavyoweza kumpa. Njegere zisichukue nafasi ya dagaa, maini, nyama, mayai au maharage.

Kuhusu mtoto anayetema: tafiti za ulaji wa watoto zinaonyesha kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuionja mboga mpya mara nane, kumi au zaidi kabla ya kuikubali. Wazazi wengi huacha mara ya tatu, na sababu mojawapo ni uchungu wa kutupa chakula. Ukiwa na punje za friza unaweka tano kwenye sahani, leo, keshokutwa, wiki ijayo, bila hasara wala ugomvi. Njegere, karoti na mahindi zina utamu ambao watoto huupokea mapema. Majani yenye ladha kali kama mnavu au majani ya kunde yanahitaji subira zaidi, na kwa hayo genge la mtaani ni bora kuliko duka lolote.

Kwa mtu mzima jambo la kwanza ni kiasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kikombe cha njegere za friza zilizochemshwa kinatoa karibu gramu 7. Kwa mwanamke anayeweza kupata ujauzito folati ina uzito wa pekee, kwa sababu ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kujengwa wiki za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajua. Spinachi ya friza iliyopikwa ina mikrogramu 121 kwa gramu 100, iliyo mbichi ikipikwa 146. Hakuna iliyo mbaya kati ya hizo. Vidonge vya kliniki na unga ulioongezwa virutubisho bado vinahitajika; mboga inaongezea.

Jambo moja linachukuliwa kirahisi mno: kugandisha hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Kati ya mwaka 2015 na 2018 bakteria aitwaye listeria alisambaa Ulaya kupitia mahindi ya friza yaliyotoka kiwanda kimoja Hungaria. Hadi Julai 2018 watu 47 walikuwa wamethibitika kuugua katika nchi tano, na 9 kati yao walifariki. Wajawazito, wazee, watoto wachanga na wenye kinga dhaifu ndio huumia zaidi. Kwa hiyo mahindi au njegere za pakiti zisimwagwe kwenye kachumbari au kwenye saladi zikiwa zimeyeyuka tu. Zipikwe hadi zichemke, hata kama pakiti inaonekana safi, isipokuwa pawe pameandikwa wazi kwamba ziko tayari kuliwa.

Kwa Wakongo na Watanzania walio Ulaya na Amerika Kaskazini kuna pakiti moja inayohitaji neno la pekee, nayo ni sombe, yaani kisamvu kilichogandishwa. Ni mboga yenye protini na vitamini A nyingi, na inaleta nyumbani karibu. Majani ya muhogo yana viini vinavyotoa sianidi, na barafu haivigusi. Kutwanga hupasua jani na kuiachilia sumu hiyo, kisha kuchemsha kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi huitoa na mvuke. Hapa ushauri wangu wa maji kidogo, kifuniko na dakika tano hautumiki. Sombe ya friza ichemshwe kama ulivyomwona mama akifanya, na asidanganyike mtu kuipasha kama spinachi.

Wanaotaka kugandisha wenyewe, hasa njegere (minji, kwa wa Kenya) zinapojaa sokoni, kanuni ni ile ile ya kiwandani. Chemsha maji mengi, kama lita 4 kwa nusu kilo ya mboga, ili yasipoe ukiitumbukiza. Maji yakirudi kuchemka anza kuhesabu: njegere dakika moja na nusu, mchicha na majani mengine laini dakika mbili, karoti za kukatwa dakika mbili, sukuma wiki na maharage machanga dakika tatu. Opoa, tumbukiza kwenye maji ya barafu kwa muda ule ule, chuja hadi zikauke, zitandaze kwenye sinia ndani ya friza zigande kila punje peke yake, ndipo uzifunge kwenye mifuko uliyoitoa hewa. Andika tarehe. Miezi minane hadi kumi na miwili ubora wake unashikilia, mradi friza iwe na baridi ya kweli. Kile kichumba kidogo cha barafu ndani ya friji za zamani hakifiki huko; tumia vilivyomo ndani ya wiki chache. Uji wa mboga wa mtoto nao unagandishika kwenye vile visahani vya vipande vya barafu, kipande kimoja au viwili kwa mlo, na ukishayeyusha usirudishe.

Umeme ndio tatizo letu halisi. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kwa saa 48 hivi. Iliyo nusu, saa 24. Weka ndani yake kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu ya barafu. Ukirudi kutoka safari ukaikuta sarafu chini ya kikombe, friza iliyeyuka ukiwa haupo, hata kama sasa kila kitu kimeganda tena. Dukani, bonyeza pakiti: punje zinapaswa kuteleza moja moja. Pakiti iliyoshikana kama tofali, au yenye barafu nyingi ndani, yaelekea imeshawahi kuyeyuka, na afadhali uirudishe kwenye rafu.

Umeme ukirudi, mboga ambayo bado ina chembe za barafu katikati inaweza kugandishwa tena. Italegea kidogo, ila ni salama. Iliyoyeyuka yote lakini bado ina ubaridi wa friji ipikwe siku hiyo hiyo. Iliyokaa vuguvugu zaidi ya saa mbili imwagwe, na mtoto asionjeshwe.